Namna ya kubadili saundi kwenye albamu ya pili: tulivyofanya sisi wa Nyakato

Mimi na mdogo wangu tunatengeneza muziki wa kompyuta katika chumba cha uani Nyakato, hapa Mwanza. Albamu yetu ya kwanza ilikuwa na nyimbo tisa, zote zikienda mapigo 210 kwa dakika, singeli tupu isiyo na mwimbaji. Ya pili ina nyimbo nane, na sita kati ya hizo zinakwenda 105. Katikati ya albamu hizo mbili tulipoteza karibu miaka miwili, kwa sababu tulianza na mambo ya mwisho na kumalizia na yale ya kwanza. Mpangilio ninaouandika hapa ndio ambao ningetamani mtu anipe siku ile ya kwanza. Ni kwa yeyote mwenye laptopu, hedifoni na albamu moja mgongoni, anayehisi kwamba ile saundi iliyomtambulisha kwa watu haimtoshi tena.

Iandike sababu kabla ya kuwasha kompyuta

Kuchoka hakutoshi kuwa sababu. Ukichoka, pumzika wiki mbili kisha urudi. Badili saundi pale unapokuwa na kitu unachotaka kukiweka kwenye muziki, na muziki wako wa sasa hauna nafasi ya kukipokea.

Kwetu kitu hicho kilikuwa ziwa. Kabla hatujahamia Nyakato mama yetu alikuwa anaanika dagaa Igombe, na sisi tumekulia kwenye mwalo ule wa wavuvi, tukilala na kuamka na milio yake. Lakini kila nilipojaribu kuingiza mlio wa kasia kwenye biti zetu, uligeuka uchafu tu. Nilihangaika na maiki, nikahangaika na miksi, nikamlaumu mdogo wangu. Siku moja nikakaa na kalamu nikapiga hesabu, na naomba nawe uipige hii hesabu kwa nyimbo zako. Chukua 60,000, gawanya kwa mwendo wa wimbo, utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Kwa 210, pigo moja ni kama milisekunde 286. Mapigo manne, yaani duru nzima ya biti, ni sekunde moja na kidogo. Sasa mwangalie mvuvi: anazamisha kasia, anavuta, analitoa, matone yanadondoka. Hiyo ni sekunde mbili na zaidi. Biti yetu ilikuwa imeshapiga mara nane kabla kasia moja halijatoka majini.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaandika sentensi moja kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya spika: "Kasia moja likae ndani ya duru moja." Mapigo 105 kwa dakika hayakutoka kwenye mtindo wa nani wala nani. Yalitoka kwenye sentensi ile, kwa sababu kwa mwendo huo duru ya mapigo manne ni sekunde 2.3.

Sentensi yako itakuwa nyingine. Pengine unataka sauti ya bibi yako isikike maneno yote, au unataka ukimya kati ya milio, au unataka watu wakae badala ya kucheza. Iandike hata kama inaonekana ndogo. Miezi sita mbele, saa nane usiku, utakapokuwa umepotea ndani ya mafaili arobaini, utahitaji kitu cha kukuuliza: hili nalifanya kwa ajili gani?

Tafuta kitu kimoja kitakachobaki

Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, na ndiyo tuliyoiruka mwanzoni.

Watu wengi hudhani kubadili saundi ni kuongeza: sintesaiza mpya, spika mpya, mwimbaji mpya. Wanaofanikiwa, mara nyingi huacha kitu kimoja cha zamani pale pale kilipokuwa, halafu wanabomoa kila kilichokizunguka. Kraftwerk, kundi la Düsseldorf, Ujerumani, walianza na filimbi, gitaa na majaribio ya studio. Mwaka 1974 walipotoa Autobahn, albamu iliyowafanya wajulikane duniani kwa sintesaiza, filimbi ya Florian Schneider, mmoja wa waanzilishi wake, bado ilikuwamo ndani. Daft Punk wa Ufaransa walijijengea jina kwa sampuli za santuri za zamani na mashine za ngoma, lakini albamu yao ya mwaka 2013 waliijaza wapigaji wa kweli studioni, akiwemo Nile Rodgers kwenye gitaa. Zile sauti za roboti hazikuondoka. Msikilizaji aliyepotea kwenye vyombo vipya alikuwa na mkono wa kushika.

Cha kwako utakijuaje? Usijiulize mwenyewe, kwa sababu utataja kile kilichokugharimu jasho, na msikilizaji hajui jasho lako. Fanya hivi. Fungua nyimbo tatu za albamu ya zamani kwenye programu yako. Toa nakala kadhaa za kila wimbo, na katika kila nakala zima kitu kimoja tu: hapa besi, hapa kinanda, hapa ngoma za juu. Ziweke kwenye simu bila majina. Kisha wape watu watano wanaozijua nyimbo zenu, mmoja mmoja, uwaulize swali moja: huu ni wetu?

Mimi nilikuwa na uhakika kwamba kitu chetu ni kinanda, ile melodi ya juu inayozunguka. Niliipanga kwa mkono, noti kwa noti. Tulipoizima, watu wanne kati ya watano walisema ndiyo, ni wenu. Besi nayo tukaizima, wakasema ndiyo. Halafu nikampa kijana wa bodaboda kwenye kijiwe cha Buzuruga nakala isiyo na makofi. Akasikiliza kidogo, akavua hedifoni moja, akasema, "Dada, huu si wenu. Huu mmeutoa wapi?"

Makofi yale ni matatu. Mdogo wangu aliyapiga kwenye korido ya nyumba mwaka 2019, tukayarekodi kwa simu kwa sababu hatukuwa na maiki. La tatu linachelewa kidogo na linabeba mwangwi wa ule ukuta wa saruji. Tuliyatumia katika kila wimbo bila kufikiri. Tangu siku ya yule kijana tukakubaliana: kila kitu kinaweza kuondoka, makofi yanabaki, na yanabaki na mwangwi wake uleule wa korido. Hata kwenye wimbo mtulivu kuliko yote wa albamu mpya yamo, mara moja tu, dakika ya tatu.

Fungia vya zamani

Ukishajua kinachobaki, vingine vyote viondoe mbele ya macho. Usivifute, viondoe. Sisi tulihamishia milio yote ya albamu ya kwanza kwenye diski ya nje, tukampelekea shangazi yetu Kirumba, akaiweka kabatini pamoja na vitenge vyake. Mara mbili mdogo wangu alipanda daladala kwenda kuifuata, na mara zote mbili shangazi alimkaribisha chai akamrudisha mikono mitupu, kama nilivyomwomba.

Sheria zetu zilikuwa tatu tu: hakuna mlio wowote wa albamu ya kwanza isipokuwa makofi, kila wimbo uwe na angalau mlio mmoja tuliourekodi wenyewe, na wimbo wowote usizidi njia kumi na mbili kwenye kompyuta. Hiyo ya tatu ilituuma kuliko nyingine, na ndiyo iliyotusaidia zaidi. Ukizoea kwenda mbio unajaza kila nafasi. Ukipunguza mwendo bila kupunguza vitu, unapata singeli iliyochoka, na hicho ndicho kilichojaa kwenye majaribio yetu ya mwaka wa kwanza.

Kupunguza mwendo bila kuvuta

Kosa la kwanza ni kuchukua wimbo wa 210 na kuuburuta kwa programu mpaka 105. Milio inalegea, makofi yanasikika kama mtu anayekohoa. Piga upya. Kila kitu kipigwe upya katika mwendo mpya.

Lakini chagua mwendo kwa akili. Tulikwenda 105 pia kwa sababu ni nusu kamili ya 210. Pigo moja la wimbo mpya ni sawa na mapigo mawili ya wimbo wa zamani, kwa hiyo jukwaani ninaweza kutoka wimbo wa albamu ya kwanza kuingia wa pili bila mtu kujikwaa: miguu inaendelea, ni ngoma kubwa tu inayoanza kupiga mara moja pale ilipokuwa ikipiga mara mbili. Kama ulikuwa unapiga 180, jaribu 90. Kama ulikuwa 128 na hutaki kwenda nusu, jaribu 96, ambayo ni robo tatu yake. Mapigo manne ya zamani yanalala juu ya matatu ya sasa.

Niseme wazi kwamba hatukuiacha singeli kwa kuidharau. Muziki ule wa mitaa ya Dar es Salaam, Tandale, Manzese na Mburahati, ndio uliotufundisha kwamba laptopu moja mbovu inatosha. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam, sisi hapa Mwanza tulisikia kwamba dunia inaweza kusikiliza kitu kilichotengenezwa chumbani na vijana kama sisi. Heshima hiyo ipo. Ndiyo maana wimbo mmoja kati ya nane tuliuacha kwenye 210.

Mwendo ukishuka, mwangwi unapata mahali pa kukaa. Upime kwa hesabu ileile. Kwa 105 pigo ni kama milisekunde 571. Ukiuweka mwangwi wako kwenye robo tatu ya pigo, yaani kama 429, marudio yanaangukia katikati ya mapigo na biti inatembea yenyewe bila kuongezewa ngoma. Kwa 210 namba hizo zilikuwa nusu na yote yaligeuka kelele.

Kurekodi mwaloni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu albamu yetu imetoka hapa.

Kabla ya maiki, watu. Usishuke mwaloni na kifaa mkononi ukaanza kuelekeza kwa wavuvi. Tulikwenda na mjomba wetu, mvuvi wa miaka mingi. Akatupitisha kwanza kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, kisha kwa mwenye mtumbwi, kisha kwa kinamama wanaoanika dagaa. Salamu kwanza, ng'wangaluka (salamu ya asubuhi ya Kisukuma), habari za nyumbani, na kukaa. Siku ya kwanza hatukurekodi hata sekunde moja. Siku ya pili mama mmoja ndiye aliyeuliza, "Mwanangu, hicho chombo chenu hakifanyi kazi?" Tukaanza.

Tulilipa. Kila mtumbwi tuliourekodi ulipata pesa ya chai mkononi, na waliotuimbia walipata zaidi, tukaandikiana kwenye daftari: jina, tarehe, nini kimerekodiwa, na kwamba kitatumika kwenye albamu inayouzwa. Majina yao yote yamo kwenye maelezo ya albamu. Fanya hivyo hata kama hakuna anayekudai.

Siku ya kwenda ichague kwa kuangalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wengi wa dagaa hupumzika nchi kavu wakishona nyavu. Ukitaka mlio wa mitumbwi ikirudi alfajiri, ndoo, kelele za bei, nenda wakati wa giza, na uwe umefika saa kumi na moja. Ukitaka mazungumzo, nyimbo na watu wenye muda na wewe, nenda siku za mbalamwezi. Sisi tulikwenda kwanza wiki isiyofaa, tukakuta mitumbwi imepinduliwa mchangani.

Upepo ndio adui. Asubuhi ziwa limetulia, lakini jua likipanda upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, na kuanzia saa nne au tano hakuna utakachopata ila ngurumo kwenye maiki. Kipande cha sponji ya godoro juu ya maiki na soksi ya pamba juu ya sponji vitasaidia, ila havitafanya muujiza. Kaa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, mgongo kwa upepo.

Ukirekodi kwa simu, iweke kwenye hali ya ndege, tumia programu inayohifadhi faili la WAV, na zima kila kitu kinachojisifu kuondoa kelele, maana kwako kelele ndiyo mali. Kabla ya kila rekodi sema kwa sauti: "Igombe, saa kumi na mbili kasoro, kasia, mtumbwi wa mbao." Baada ya mwaka mmoja hutakumbuka. Hata kama unahitaji sekunde tatu, rekodi dakika tatu. Na kila mahali rekodi nusu dakika ambapo hakuna kitu kinachotokea. Hiyo utaipitisha chini ya wimbo ili milio yako isionekane imebandikwa juu ya karatasi nyeupe.

Sasa kuhusu maiki iliyobadilisha kila kitu. Ndani ya kengele ndogo za umeme na zile kadi za salamu zinazoimba kuna kisahani chembamba cha shaba, ukubwa wa sarafu. Kinasikia mtetemo wa kitu kilichogusana nacho, siyo hewa. Fundi redio wa mtaani kwetu alinichomea visahani viwili kwenye waya wenye jeki, nikavifunika kwa gundi ya silikoni visiingie maji. Ukikibana kisahani ndani ya ubao wa mtumbwi kwa plasta pana, upepo unakoma kuwa tatizo, kwa sababu hakiusikii. Kinachosikika ni mtumbwi wenyewe: ziwa likigonga mbao kutoka nje, misumari ikilalamika, kopo la kukombea maji likikwaruza chini, unyayo wa mvuvi. Mlio ni mzito na wa ndani, kama kugonga mlango wa nyumba usiku. Jambo moja la kiufundi: kichomeke kwenye tundu la gitaa la kadi yako ya sauti, siyo tundu la kawaida, la sivyo besi yote itapotea na utabaki na mlio mwembamba wa bati.

Mlio mwingine ambao sikuutegemea ni dagaa wakavu. Asubuhi wakiwa wabichi hawana sauti. Jioni, baada ya jua la siku nzima, mama akiwageuza kwenye kichanja wanatoa mchakacho laini, mkavu, wenye punje elfu. Ule ndio ulioshika nafasi ya manyanga na ngoma zote za juu kwenye nyimbo tano. Hakuna mashine yoyote ambayo ingetupa ule.

Na ngoma za asili? Tulifika Bujora, kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, na tulikaa na wapigaji wa bugobogobo, ngoma ya jembe. Tulikuwa tumepanga kukata mapigo mawili matatu tukayazungushe kwenye kompyuta. Baada ya kuwasikiliza mchana mzima tukabadili mpango. Pigo la bugobogobo limefungwa na jembe linalopanda na kushuka mikononi mwa wachezaji, na njuga zilizo miguuni mwao ni nusu ya muziki. Ukikata pigo moja ukalirudia unabaki na mfupa. Tukaomba wapige dakika nne mfululizo, na wimbo wetu wa sita ndio uliojengwa kuwafuata wao, mwendo ukipanda na kushuka kama walivyopiga. Ni wimbo mgumu kuliko yote tuliyowahi kutengeneza. Kama unakwenda njia hii, jua pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo uliza BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki) kabla ya kuuza, siyo baada.

Kugeuza mlio kuwa chombo

Rekodi ikibaki rekodi, msikilizaji ataisikia kama mandhari: ndege wawili, maji kidogo, halafu biti ileile. Lazima mlio upewe kazi.

Chukua pigo la maji kwenye mbao lililosikika vizuri kuliko yote, likate liwe chini ya nusu sekunde, kisha lishushe au lipandishe mpaka likubaliane na noti ya besi ya wimbo. Huo sasa ndio dundo lako. Kasia likiingia majini, likate pale pale linapogusa maji, liweke kwenye pigo la pili na la nne. Mlio wa kulitoa majini uache urefu wake wote umwagikie kwenye pigo linalofuata. Kila mlio uliorekodiwa nje ondoa kila kilicho chini ya hezi 80, isipokuwa ule unaotumika kama dundo, maana chini huko ni upepo na injini za mbali tu.

Halafu kuna suala la simu. Wengi watakusikiliza kwa spika ya simu, ambayo haitoi besi ya chini kabisa hata ukiibembeleza. Besi ya mtumbwi wetu ilikuwa tamu kwenye spika za chumbani, na kwenye simu haikuwepo kabisa. Tiba yake ni kuikwaruza kidogo: toa nakala ya besi, ipitishe kwenye programu ya kuchafua sauti, kata chini yote, ichanganye kwa kiasi kidogo chini ya ile ya asili. Sikio likisikia vile vimilio vya juu linajaza besi lenyewe.

Wapi pa kujaribia

Chumbani siyo mahali. Tulijaribu kila wimbo sehemu tatu: kwenye simu, kwenye spika ya mfanyabiashara mmoja Makoroboi wakati soko limejaa, na kwenye daladala ya rafiki yetu yenye besi ya kutikisa kiti. Kama makofi yanasikika Makoroboi saa sita mchana, miksi imekaa. Kuhusu ukubwa wa sauti, msipigane kuwa wakali kuliko wote. Spotify kwa kawaida hurudisha kila wimbo kwenye kiwango cha karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ukiubana wimbo mpaka ukose pumzi wao wataushusha tu, nawe utakuwa umeua matone ya kasia bure.

Kuwavusha wasikilizaji

Mara ya kwanza kupiga nyimbo mpya mbele ya watu ilikuwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Tulianza moja kwa moja na wimbo wa polepole. Watu waliacha kucheza. Baada ya dakika kumi mwenye ukumbi alikuja kutuambia turudishe muziki, na alizima spika mbili kabla hatujamjibu. Mdogo wangu alilia kwenye bajaji njiani kurudi.

Tulichorekebisha ni mpangilio, nyimbo hatukuzigusa. Sasa tunaanza na wimbo wa zamani wa 210 ambao kila mtu anaujua. Katikati yake tunatoa kila kitu, tunaacha makofi matatu peke yake kwa duru nne. Watu wanayapokea kwa mikono yao. Kisha dundo la mtumbwi linaingia chini kwa 105, na wao bado wanapiga makofi. Hakuna anayeacha kucheza tena. Albamu nayo tuliipanga hivyohivyo: wimbo wa kwanza ni ule mmoja wa 210, na katikati, kabla ya dakika ya tatu, mwendo wake unashuka hadi nusu.

Wimbo wa kutangulia kutoka, usichague ule unaofanana na albamu ya zamani ili kuwatuliza watu, kwa sababu utawadanganya na watakasirika albamu ikija. Usichague pia ule mgeni kuliko yote. Sisi tulitoa wa pili kwenye orodha: polepole, dagaa wanachakacha, makofi yapo kila duru. Waliotuacha walituacha hapo mapema, kwa amani, na ujumbe wa kwanza tuliopata kutoka ng'ambo ya ziwa ulitoka kwa mtu wa Jinja aliyeuliza ule mchakacho ni wa nini.

Masta kabla ya masta

Kabla hujapeleka masta, yaani toleo la mwisho la albamu, rudi kwa wenye milio. Tulibeba spika ya betri mpaka Igombe, siku ya mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamekaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa. Shikamoo zikapokelewa, tukapiga albamu nzima. Kinamama walicheka kwa furaha waliposikia dagaa. Mjomba hakusema kitu mpaka wimbo wa nne, akaomba turudie. Tukarudia.

"Hapa mmelikata mapema," akasema. "Kasia halijamaliza kutoka majini."

Nilifungua laptopu palepale mchangani nikaangalia. Kweli, nilikuwa nimekata mkia wa mlio ili usigongane na makofi. Usiku ule Nyakato nikaurudisha mkia wote, nikayasogeza makofi mbele kwa milisekunde arobaini kuupisha, na hivyo ndivyo wimbo ulivyotoka.